Ncha ya Shoti

Miaka thelathini na mmoja nimeinamia tanuri la udongo,
kichwa ndani, miguu ikikaribia kuacha sakafu,
mkono wa kulia ukibandika kinyunga ukutani penye moto.
Mikate mia nne kwa siku. Jumapili mia sita.
Hapa Kutaisi hakuna alaye mkate wa jana.

Mwanzoni hayakuwa maumivu, yalikuwa neno dogo tu:
mchomo nikifikia kopo la chumvi,
mchomo nikifunga sidiria.
Kisha yakahamia usiku,
yakawa yananiamsha saa nane
kila nilipolalia upande niliouzoea.

Jirani yangu Pikria alinifunga majani ya kabichi na siki.
Nikanuka kama pipa la achari.
Bega halikujali.

Daktari Nestani aliinua picha ya eksirei dirishani.
"Hapa," akasema, "chini ya paa la bega."
Nikaiona: nyembamba, imepinda kidogo,
ncha ya shoti hasa,
ile ambayo watoto huivunja njiani
wakaila kabla hawajafika kwao.
Kumbe na mifupa yangu nayo inaoka.

"Haikukusaliti," akasema.
"Mfupa huota pale unapovutwavutwa,
kama sugu ya kiganja.
Wapo wengi wa rika lako wanatembea nayo, hawajui.
Kinachokuliza ni kano ipitayo chini yake:
imebanwa mlangoni, ikavimba,
na kwa kuwa imevimba, inabanwa zaidi."

Nikauliza habari za kisu.
"Kisu kipo. Kikae mwisho wa foleni."
Akanidunga sindano moja, akanionya isiwe mazoea.

Basi nikaanza shule.
Naegemea meza, mkono naulegeza uning'inie
kama ndoo kisimani, uzunguke wenyewe.
Vidole vinapanda ukuta wa jikoni, hatua moja, hatua mbili,
hadi kwenye alama ya penseli, kisha vinashuka.
Ukanda wa mpira nimeufunga kwenye kitasa:
kiwiko ubavuni, vuta, achia taratibu.
Makombe ya bega nayabana nyuma
kana kwamba nimeficha noti katikati yake.
Mara kumi na tano. Pumzika. Tena.
Barafu ndani ya taulo, mto chini ya kwapa.

Wiki sita, hakuna kitu.
Nilimtukana Nestani, nikautukana mpira,
siku mbili nikauacha ukining'inia kama mkia wa mbwa aliyefukuzwa.
Wiki ya kumi na moja nilichana nywele za kisogoni
na sikugundua hadi nilipokiweka kitana.

Sasa Badri ndiye anayeinama tanurini.
Mimi nakanda, napima, napokea sarafu,
na namkaripia abadilishe mkono, abadilishe mkono!
Ana miaka ishirini na miwili. Anacheka.

Asubuhi moja moja nabandika michache kwa mkono wa kushoto.
Leo Otia, mteja wa saa moja kasoro,
aliuinua mmoja kwenye mwanga wa mlango,
akaukagua kama anasoma picha ya hospitali.
"Lamzira, huu umepinda."
"Na mimi pia," nikamjibu.
Akaivunja ncha, akaila palepale, akaniomba wa pili.

Yangu haivunjiki. Ipo.
Jioni hii: mpira, kitasa, mara kumi na tano.