Mifuko Kumi na Sita

Mifuko ni kumi na sita, ya wavu laini,
kila mmoja gramu tano za majani makavu
niliyoyapima usiku jikoni
kwa mizani ya mama ya kupimia unga wa keki.
Minane ina ameneiro, mti wetu wa kingo za mto.
Minane ina mkaratusi.
Oktoba niliifunga kwa kamba ya kijani
kwenye mawe ya kijito cha Corzo,
nikawaachia wadudu wanifanyie mtihani.

Brais, mwenzangu wa maabara, aliuliza:
"Mbona kijito hiki? Viko vya karibu na kituo cha basi."
Nikamjibu kina kinafaa, kivuli kinafaa.
Sikumwambia kwamba kilima kile chote
kilipandwa na babu yangu.

Desemba. Maji yanauma hadi mfupa wa kisigino.
Mfuko wa kwanza naufungua juu ya sinia jeupe:
jani la ameneiro limebaki mishipa mitupu,
lesi iliyofuliwa ikachoka,
na ndani wamo wenye nyumba,
tunutu wa mikia miwili, tunutu wa mikia mitatu,
na mmoja aliyejishonea koti la vijiti,
ananitazama kama mtu aliyegongewa mlango usiku.
Arobaini na mmoja.

Mkaratusi unanuka dawa ya kifua.
Jani zima, gumu,
risiti iliyosahaulika mfukoni.
Watatu.
Nikahesabu tena, maana nilitaka niwe nimekosea.
Watatu.

Profesa Loureiro hufundisha na buti za mpira miguuni
hata siku ya mvua kukatika.
"Nchi kavu muhula wa kwanza, maji baridi muhula wa pili;
ni ratiba iliyovitenga. Jani halijui muhula.
Mto ni habari za kilima zinazoteremka."
Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama dirishani.

Babu Amaro ana vidole vinane na nusu,
vingine alivila msumeno.
Miche aliletewa bure na kiwanda cha karatasi
mwaka ambao ng'ombe hawakuwa na bei.
Nami nilipopata nafasi ya chuo
alikata mistari sita, lori likashuka mara mbili:
hiyo ndiyo ada yangu, chumba changu Santiago,
hizi buti, hata huu wavu.

Jumapili, akimenya chestnati kwa kisu,
akauliza, "Haya, kijito changu kimepata ngapi?"
Nikamweleza. Arobaini na mmoja, watatu.
Alimenya tatu zaidi, nne,
ganda likianguka juu ya gazeti.
"Utotoni tulishika samaki kwa mikono chini ya mawe yale.
Kisha wakapungua.
Nilidhani ni mikono yangu iliyozeeka."

Mfuko wa kumi na moja ulikwenda na mafuriko ya Novemba;
kwenye jedwali nimeweka kistari.
Mingine yote nimeikausha, nimeichoma,
nimepima majivu kwa desimali nne.
Ripoti imekwisha, imebaki fomu ya jalada:
jina, namba ya usajili, mahali pa utafiti.

Kisha mstari wa mwisho: *Mfadhili*.
Kalamu imesimama hapo tangu saa tatu.
Naandika: mikaratusi,
mistari sita, upande wa kusini.