Joto la Lugha Gani

Mimi Godelieve, mwenye funguo,
nimefagia uwanja huu wa Brussels miaka kumi na tisa:
uwanja mmoja, shule mbili,
na katikati uzio wa kijani unaonifika kifuani.
Huku husomwa kwa Kifaransa,
kule kwa Kiholanzi.
Kila upande una waziri wake wa elimu,
likizo zake, muhuri wake, rangi yake ya bahasha.
Panya tu ndio hawajaandikishwa popote.

Januari bomba la joto likapasuka,
tena wapi? Chini ya uzio hasa.
Boila ikabaki inanguruma kwa Kifaransa,
kule kwingine madirisha yakaota barafu kwa ndani.
Niliandika barua mbili.
Waziri huyu akajibu: bomba ni la yule.
Yule akajibu: majengo ni ya jiji.
Jiji, ambalo nalo ni serikali,
likaniuliza namba ya fomu.

Mwalimu Annelore akafundisha kugawanya
amevaa glavu.
Wino wa Wannes ukagoma katikati ya jina lake.

Jumanne sikuuliza mtu.
Nyuma ya stoo ya mafagio kuna mlango mdogo
usiomo katika ramani ya serikali yoyote.
Nikaufungua.
Watoto thelathini na wanne wakapita wameinama,
wakaketi ukumbini na wenzao, goti kwa goti.
Kimya. Kila mmoja akimkagua jirani.
Kisha Wannes akatoa gololi,
Ségolène akataja bei.
Kwa lugha gani? Sikusikia vizuri.
Nusu ilikuwa vidole.

Alhamisi akaja mkaguzi, koti limefungwa hadi kidevuni.
Akahesabu vichwa. Akarudia.
"Bibi, hawa wanaota joto kwa ruhusa ya jumuiya ipi?"
Nilikuwa na majibu mawili:
la mama, wa Liège, aliyenibembeleza kwa Kifaransa,
na la baba, wa Aalst, aliyenikaripia kwa Kiholanzi.
Yote mawili yangenifukuzisha kazi.
Nikamsogezea kiti karibu na redieta.
Akavua glavu moja.

Bomba lilitengenezwa Aprili, jua limeshakolea.
Mlango nikaamriwa niufunge, kwa barua mbili
ambazo, kwa mara ya kwanza, zilisema jambo moja.
Nimeufunga.

Jana, nikifagia chini ya uzio,
niliokota gololi tatu
na kikaratasi cha madeni:
neno la huku, neno la kule, tahajia ya kuliza walimu wote.
Nikakaa ngazini kuihakiki.
Jumla ilikuwa sahihi.