Stika ya Kijani

Kila Novemba, kabla theluji haijaifunga barabara ya Duluth,
mimi, Arlys Thorsgaard, mkaguzi wa leseni wa kaunti,
huzunguka gereji hadi gereji na tochi, futikamba
na karatasi yenye maswali sabini na mawili.
Sina sare. Nina koti la marehemu mume wangu,
na mfukoni muhuri, mdogo kama yai,
unaoogopwa kuliko mimi.

Naingia nyuma ya gari, naufunga mlango, nahesabu.
Mitungi ya oksijeni: miwili, imejaa.
Mikanda ya machela: mitano, mmoja umelika ukingoni.
Blanketi. Mkasi. Mashine ya kufyonza makohozi:
nabonyeza, inakoroma, inanyamaza.
Nabonyeza tena.
Kimya.

"Jana ilifanya kazi," asema Verlyn Haugen,
mwenye magari mawili, wana watatu, na deni la benki.

Jana haina kisanduku kwenye karatasi yangu.

Akanitolea maneno ambayo nimeyaacha hukohuko gerejini,
juu ya sakafu, pamoja na oili.
Kisha akapoa, na kupoa kwake kukaniuma zaidi.
Akasema: kampuni ile ya mjini ina magari arobaini na mwanasheria.
Mtu akianguka kule Ziwa Bata
wao humfikia kwa dakika arobaini na nane,
sisi kumi na tisa.
Hesabu hiyo, Arlys, umeiandika wapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu.

Jumanne makamishna watano wakaketi chini ya bendera.
Mwanasheria akasimama, viatu vyake vikavu kabisa
(sijui alipitia wapi, nje tope lilifika magotini),
akauliza kama umma kweli unahitaji
kampuni ya pili ya magari ya wagonjwa.
Umma siku hiyo ulikuwa bibi mmoja
aliyekuja kulalamikia shimo mbele ya nyumba yake.
Alikuwa amesinzia.

Verlyn akapewa siku kumi na nne.
Akaiuza pikipiki yake ya theluji, akanunua mashine mpya.
Nikarudi. Nikabonyeza. Ikakoroma
kama mzee aliyeshiba.
Nikabandika stika ya kijani juu ya mlango wa nyuma,
nikatia saini kwa vidole vilivyokufa ganzi,
na ile A ya jina langu ikabaki mdomo wazi.

Januari. Saa tisa za usiku,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
baba yangu ameketi ukingoni mwa kitanda
akiitafuta pumzi kama mtu anayetafuta miwani,
kwa hasira, kwa aibu kidogo.
Nikapiga simu. Nikasimama dirishani na saa mkononi.
Dakika ya ishirini na mbili, taa nyekundu juu ya theluji.

Niliketi kwenye kiti cha pembeni, mkono wa baba mkononi.
Dag, kitinda mimba wa Verlyn, hakunisalimu; alikuwa na kazi.
Macho yangu yakatangatanga, yakapanda mlangoni,
yakakuta mwandiko wangu,
A mdomo wazi, ikinitazama.

Baba akakwama. Koo likajaa.
Dag akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka,
kwa imani ile ya mtu anayejua kitu kipo,
na mimi niliyeijaribu kwa kidole changu mwenyewe,
mara moja tu, mchana, gari likiwa limesimama,
nikafumba macho.

Ikakoroma.
Ikaendelea kukoroma, mbaya, yenye makohozi,
daraja hadi daraja.

Novemba hiyo inakuja tena. Baba anaomba supu na analalamika chumvi.
Kwenye karatasi, chini ya swali la sabini na mbili,
nimeandika la sabini na tatu kwa penseli:
Dakika ngapi?
Makamishna hawajaliona.
Bado halina kisanduku.