Nipe Mji

Kitendawili, yasema seva.
Tega, nasema mimi, vidole vimelowa jasho,
feni ya godauni yakoroga joto la Shimanzi
na vumbi la chai lanikalia kopeni.

Neno la msimamizi?

Nalijua. Nililitunga mwenyewe
Alhamisi ile alipofukuzwa Dzombo kwa maneno ya watu,
Bwana Jivanji kasimama nyuma yangu akihema:
"Badilisha sasa hivi, asije akatuingilia usiku."
Nikabadilisha. Nikauonea raha ujanja wangu,
herufi kubwa hapa, tarakimu pale,
alama ya mshangao mkiani.
Sikuliandika popote. Niliapa hili sitalisahau
hata nikiulizwa usingizini.

Leo nimeulizwa nikiwa macho.

Najaribu jina la paka wetu wa Mwembe Tanganyika.
Siyo.
Namba ya lori la baba, lililokwama Mariakani mwaka wa elnino.
Siyo.
Jina la mtu ambaye sitaki mashine ijue
kwamba bado namkumbuka:
naliandika polepole, kwa herufi ndogo, kisha kwa kubwa.
Siyo, na afadhali.

Kwa bibi, Kisauni, ukishindwa kitendawili
ulitoa mji. Mtegaji akaenda, akala, akanywa,
akarudi ameshiba, ndipo akakwambia jibu.
Basi nipe mji, yasema seva.
Nikaipa Voi na mkonge wake.
Nikaipa Malindi. Nikaipa Vanga na kaa wake wote.
Ikala. Jibu haikutoa.
Kielekezi chapepesa tu, kama jicho la mdai.

Nje, trela kumi na moja kutoka Kericho
zimewasha taa za hatari, madereva wamelala chini ya ekseli.
Mwachiro wa makuli achungulia dirishani mara ya nne:
"Dada, hiyo mashini imekufa au imenuna?"
Imenuna.
"Basi ibembeleze."

Sikuibembeleza.
Nilichomoa waya wa mtandao,
asije akapita mwingine mlango ukiwa wazi.
Nikaisimamisha huduma. Magunia elfu arobaini
yakatoweka kiooni, harufu yake ikabaki puani.
Kisha nikaiamsha kwa amri moja ndefu:
amka, lakini usimuulize mtu yeye ni nani.

Ikaamka. Haikuuliza.

Nilidhani ningeruka kwa furaha.
Niliona haya, kama mtu aliyepiga hodi asubuhi kutwa
akaja kugundua komeo lilikuwa upande wake.

Nikafungua jedwali la watumiaji nilitafute neno langu.
Lipo. Limesagwa.
Herufi arobaini za unga
usiokumbuka ulikuwa mahindi gani,
na unga haurudi punje,
hata kwa aliyeshika mpini wa jiwe.

Na mstari wa pili, Dzombo.
Jina lake zima, ruhusa zake zote.
Hatukumfuta. Tulibadilisha kufuli la mbele
tukamwachia ufunguo wa uani, miezi mitano.
Nikafungua kumbukumbu nione alivyotuibia.
Mara ya mwisho kuingia:
Alhamisi ile, saa tisa na dakika mbili,
akisahihisha uzito wa gunia moja la Kericho
aliloliona limezidi kilo mbili.
Baada ya hapo, hakuna.

Nilikaa. Kunguru walikuwa wakigombana juu ya mabati.

Kisha nikaandika neno jipya, nukta-mkato,
nikazima, nikawasha, nikarudisha waya.
Kitendawili, ikasema.
Tega.
Nikajibu, ikanifungulia, magunia yakarudi mstari kwa mstari,
na trela ya kwanza ikaunguruma.

Safari hii nimeliandika kwenye karatasi.
Nimeikunja, nimeitia kwenye kopo la sampuli zilizoharibika
ambalo Bwana Jivanji hafungui kwa kuchukia harufu.
Mstari wa pili sijaugusa. Namba ya Dzombo ninayo,
nimeitazama mara mbili.

Ile miji sikurudishiwa.
Voi, Malindi, Vanga,
bado ni zake.