Kutoka kwa Mwajabu

Ilianza Jumatatu, kabla ya chai.
Mteja wa Mabawa aliandika kuhusu mita yake ya maji
na kompyuta, kama ilivyofundishwa, ikamjibu papo hapo:
"Tumepokea barua yako. Tutaishughulikia ndani ya siku tatu."
Maneno sawa, nukta mahali pake.
Ila juu, penye neno Kutoka,
badala ya jina la ofisi
palisomeka Mwajabu Semdoe.

Mwajabu, tuliyemzika mwezi wa Sita,
meneja akasoma wasifu wake akakosea kijiji alichozaliwa.

"Rekebisha kabla ya saa sita," akaniambia meneja huyohuyo,
kama mtu anayeagiza dirisha lifungwe.

Nikafungua mipangilio.
Mtumaji: anwani ya ofisi, sahihi kabisa.
Majibu yaende kwa: anwani ya ofisi.
Nikafuta, nikaandika upya herufi moja moja,
nikajitumia barua ya majaribio, nikangoja.
Ikaja.
Mwajabu Semdoe
ananishukuru kwa kuwasiliana naye.

Nikazima, nikawasha.
Nikabadilisha kiolezo. Nikailaumu seva.
Nikampigia Hoza aliyeko Dar, akasema futa kumbukumbu za kivinjari,
ndiyo dawa yake ya kila homa.
Kufika saa saba nimetuma barua ishirini na mbili
na marehemu amenijibu zote.
Enzi za uhai wake
ukimwomba stapla ulisubiri hadi alasiri.

Nikatoka kununua kachori.
Pale Ngamiani barabara zetu zina namba,
ya Saba, ya Nane, ya Tisa, mtoto hapotei,
lakini yule kijana wa baiskeli, ukimpa mzigo
umeuandika Barabara ya Kumi na Mbili kwa wino mwekundu,
haangalii karatasi. Anakuangalia wewe,
anakumbuka u mtoto wa nani,
anaupeleka kwenu.

Kachori ikanipoa mkononi.

Seva nayo haisomi unachoandika penye Kutoka.
Inamtazama aliyeipa amri.
Nikarudi mbio, nikaichimbua ile kanuni yenyewe,
chini kabisa, kwenye maandishi ya kijivu ambayo hakuna anayeyashusha:
Mwenye kanuni: M. Semdoe.
Imeundwa saa mbili na robo usiku,
miaka sita nyuma, siku ya fainali,
sisi wengine tulikuwa tumekwenda kutazama mpira.

Nilipaswa kuihamisha, basi.
Nikafungua kwanza sanduku lake,
nikitarajia rundo la barua zisizosomwa,
maana kila aliyejibiwa, akijibu tena, huangukia humo.

Zote zimesomwa.
Zote zimejibiwa, kwa simu, fupifupi:
"Mama, usilipe mara mbili. Dai risiti."
"Mita yako imefungwa kinyume, mwite fundi Shauri, si yule mwingine."
"Pole na mgonjwa. Maji ya Makorora hufunguliwa alfajiri, amka ukinge."
Ya mwisho ilikuwa ya jana.

Nikaenda Chumbageni.
Bwana Kilua, karani wa reli mstaafu,
alifungua mlango, simu ya mkewe iko kwenye chaji,
waya umefungwa kwa gundi ya karatasi.
"Wanamwandikia yeye," alisema. "Ningewaachaje?"
Kisha, kama anayejitetea mbele ya mkaguzi:
"Miaka kumi na tisa nimekula wali na mita zenu.
Nazijua moja moja."
Sikumkaripia. Sikumsifu pia.
Nilikunywa maji aliyonipa.

Kesho yake nikaihamisha kanuni, nikalifunga sanduku.
Jaribio la ishirini na tatu likatoka safi: jina la ofisi, nembo, kila kitu.
Meneja akajibu kwa neno moja, Vizuri.

Wiki ikapita.
Alhamisi, saa nne, Bwana Kilua yuko dirishani,
kofia mkononi, nyuma yake foleni.
"Samahani, mwanangu. Simu imenyamaza.
Nikasema niulize tu.
Maji yametoka kote?"

Nikamwambia ndiyo.

Mabawa hayajatoka tangu Ijumaa.