Alama ya Vumbi

Bi Theodosia Garbett, binti wa kasisi wa Leintwardine,
huamka kabla mjakazi hajawasha jiko,
akaingia msituni na kikapu cha mayai kisicho na yai.
Gauni linalowa hadi magotini. Ni Oktoba,
majani ya mialoni yananuka kama pipa la siki.

Uyoga haumsubiri mchoraji.
Asubuhi mwekundu, adhuhuri umelegea,
jioni funza wamekwisha kuila kofia.
Basi huchora mbio mbio, chai ikipoa,
na mara mbili ameosha brashi ndani ya chai hiyo.
Mara moja ameinywa.

Usiku huulaza mmoja kifudifudi juu ya karatasi,
akaufunika kwa bilauri.
Alfajiri: duara la mistari, vumbi la rangi ya kutu.
Uyoga umejiandika wenyewe, bila idhini ya mtu.

Yeye aliandika: T. Garbett.
Mabwana wa London wakajibu, Mpendwa Bwana,
miaka tisa, wakilisifu jicho lake la kiume.
Siku alipofika mwenyewe, michoro kwapani,
walimpa kiti nje ya mlango wa mkutano,
na biskuti.

Aliila. Njaa haina kinyongo.
Kisha akaona, chini ya fremu, karibu na bawaba,
utando mweupe wa kuvu ilayo mbao
ukipanda polepole kuingia jumba lao.
Aliijua kwa jina lake la Kilatini.
Akachonga penseli, akaichora.

Hakumwambia mtu.