Zamu ya Tisa

Bili ya Juni ilikuja imekunjwa mara mbili,
kama barua ya msiba.
Iftikhar aliisoma amesimama,
akaketi, akaisoma tena,
kisha akazima pangaboi kwa mkono wake mwenyewe
na sote tukaanza kutoka jasho kwa adabu.

Hii ni Multan. Hapa jua halichomozi, linavamia.
Kufika saa nne asubuhi bomba la maji baridi
linatoa maji ya chai.
Na jua hilo hilo nimelilaani miaka yote
huku nikilipia feni ya kulikimbia.

Upatu wetu wa uchochoroni una wanawake kumi na mmoja.
Mimi nilipangiwa zamu ya tisa,
yaani Novemba, baridi imeshabisha hodi.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba cha Juni hakingoji.
Nikaenda kwa Bilqis mwenye zamu ya tatu.
Harusi ya bintiye imesogezwa hadi Desemba, akaniambia, chukua.
Kisha, nikiwa nimeshafika mlangoni:
ila utanishonea nguo saba za bibi harusi
bila kudai hata bei ya uzi.

Sokoni fundi Mudassar alinionyesha paneli mpya,
akautazama mkoba wangu,
akanipeleka nyuma ya duka.
Huko kulikuwa na mitumba:
paneli mbili zilizoshushwa kwenye kiwanda cha pamba,
moja ina ufa pembeni, mwembamba kama unywele.
"Itakula jua?" nikauliza.
"Itakula, ila haitashiba."
Nikalipia zote mbili, na inveta ndogo, na waya,
nikabakiwa na nauli ya mkokoteni wa punda.

Vyuma vya kuzisimamishia vilinishinda.
Basi tukapandisha darini kitanda cha kamba
cha marehemu mama mkwe,
tukakiinua kwa matofali upande mmoja,
tukazilaza paneli juu yake, uso kusini,
tukazifunga kwa kamba zile zile.
Iftikhar alicheka. Mama, alisema,
hakuwahi kulala mchana maisha yake yote.

Swichi. Kimya.
Halafu pangaboi likajikohoza,
likatema vumbi la wiki tatu,
likazunguka.

Sikulia. Niliwasha mota ya cherehani
nikashona hadi saa kumi bila kuitazama mita.

Sitawadanganya. Usiku paneli ni meza tu.
Betri niliyoitamani ni bei ya ndama,
kwa hiyo giza likiingia tumo bado mikononi mwa kampuni,
na mgao ukija tunalala darini, kando ya kitanda cha mama,
tukizisikia paneli zikipoa, tik, tik.
Nimejifunza kuzihamisha kazi:
taa za chaji zinajazwa saa tano,
maji ya kuoga yanapashwa bure ndani ya ndoo nyeusi,
na hakuna pindo linalongoja magharibi.
Alfajiri napanda na kitambaa chenye maji.
Kunguru hawana shukrani.

Jana Kaneez wa nyumba ya pili alirusha waya juu ya ukuta,
hakusema neno. Mwanawe ana pumu,
na mashine yake ya mvuke haijui ratiba ya mgao.
Nikauchomeka. Pangaboi langu likapunguza mwendo kidogo,
kama mtu anayesogea kwenye benchi
kumpisha mwingine.

Bili ya Julai nayo ilikuja imekunjwa mara mbili.
Iftikhar aliisoma amesimama.
Hakuketi.

Sasa niko kwenye nguo ya nne, nyekundu,
shanga zake zinanidunga vidole.
Bado tatu.
Na Bilqis, aliyekuja kuchukua vipimo,
amekaa chini ya feni kuliko vipimo vinavyohitaji,
akaniuliza, kama mtu asiyeuliza,
ile yenye ufa uliinunua shilingapi?